Waazd ni kabila moja au makabila mengi? Nasaba yao, kuhama kwao, na namna ya kuipima silsila ya ukoo

Swali la msomaji: "Mwalimu, assalaam alaykum. Nyumbani tumekuzwa tukiambiwa kwamba sisi ni Waazd wa Oman, na kwamba wazee wetu walitoka Yemen bwawa la Marib lilipobomoka. Sasa nasoma kwamba Ansari wa Madina nao ni Waazd, wafalme wa Ghassan wa Sham nao ni Waazd, Abu Huraira pia. Inakuwaje kabila moja liwe watu wote hao? Nasaba yao inakwendaje hasa? Tunayo silsila ya majina 14 kutoka kwangu hadi kwa Malik bin Fahm. Nianzie wapi kuihakikisha?"

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Ndiyo, wote uliowataja wanahesabiwa kuwa Waazd. Kinachokutatiza ni neno "kabila". Sisi tunalitumia kwa Wadigo au Wazaramo, watu wenye lugha yao na nchi yao. Azd ni kitu kikubwa na kilegevu kuliko hivyo: ni shina, na makabila yenyewe ndiyo matawi yake. Wanasaba wa Kiarabu walizipanga daraja za nasaba kwa viungo vya mwili, ndiyo maana hata sisi watu wa pwani tunasema "tumbo" kwa maana ya ukoo. Chini ya kabila kuna tumbo, chini ya tumbo kuna paja, na chini ya paja ni jamaa wa karibu. Kundi lililokuwa na kazi ya kweli katika maisha ya kila siku lilikuwa tumbo au paja. Hao ndio waliolipa dia (fidia ya damu) pamoja mmoja wao akiua mtu, ndio waliochimba kisima pamoja na kupigana pamoja. Mwazd wa Oman na Mwazd wa Madina wa mwaka 622 hawakulipiana dia. Walichoshirikiana ni babu wa mbali.

Babu huyo katika vitabu ni Al-Azd bin Al-Ghauth bin Nabt bin Malik bin Zaid bin Kahlan bin Saba bin Yashjub bin Yaarub bin Qahtan. Kwa hiyo ni Waqahtani, yaani Waarabu wa kusini, na ndani ya Waqahtani wako upande wa Kahlan. Upande wa pili ni Himyar. Kinda wamo katika Kahlan, lakini si Waazd. Jambo hili huwachanganya wenye jina la Al-Kindi wanaoona majina ya juu yanafanana: Wakinda na Waazd wanakutana juu ya Al-Azd mwenyewe.

Chini ya Al-Azd yako matawi kadhaa, na kwa swali lako mawili yanatosha: Mazin na Nasr. Ukiyaelewa haya mawili, sehemu kubwa ya utata inaondoka.

Kwa Mazin anatoka Amr aliyeitwa Muzaiqiya, mtu mashuhuri kuliko wote katika habari za kuhama. Nasaba yake ni Amr bin Amir bin Haritha bin Imru' al-Qais bin Thaalaba bin Mazin bin Al-Azd. Baba yake Amir alipewa lakabu ya Maa as-Samaa, "maji ya mbinguni", kwa ukarimu wake wakati wa ukame. Watoto na wajukuu wa Amr Muzaiqiya ndio wanaounganisha majina uliyoyataja. Jafna bin Amr ni babu wa wafalme wa Ghassan. Thaalaba bin Amr ni baba wa Haritha, na Haritha ndiye baba wa Aus na Khazraj, makabila mawili ya Yathrib ambayo baada ya Hijra yaliitwa Ansari. Mama yao aliitwa Qaila, ndiyo maana Ansari huitwa pia Banu Qaila. Imran bin Amr ni babu wa Al-Atik, tumbo lililokuja kuwa na nguvu Oman, Basra na Khurasan. Khuzaa, waliokuwa walinzi wa Makka kabla ya Quraish, wengi huwarudisha hapo hapo kwa Amr Muzaiqiya. Lakini wapo wanasaba wa zamani wanaowaweka upande wa Adnan, yaani Waarabu wa kaskazini, kwa Mudhar, na ubishi huo haujawahi kufungwa.

Jina la Ghassan lenyewe ni la maji walikopiga kambi. Mshairi wa Mtume, Hassan bin Thabit, aliyekuwa Mkhazraji wa Madina, alijivunia katika beti yake kwamba Azd ndiyo nasaba yao na Ghassan ndiyo maji yao. Ansari wa Madina na mfalme wa Sham walijiona ni damu moja karne ya 7, kabla hakijaandikwa kitabu chochote cha nasaba. Huo ni ushahidi wenye uzito.

Kwa Nasr ndiko wanakotoka Zahran na Ghamid, makabila ambayo mpaka leo yako katika milima ya Sarat, mkoa wa Al-Baha nchini Saudia. Zahran ni mwana wa Kaab, na Ghamid ni mwana wa Abdullah bin Kaab, yaani Zahran ni ami yake Ghamid. Waazd wa milima hiyo ndio waliojulikana kwa jina la Azd Shanua, na hadithi ya Miraji inamfananisha Nabii Musa kwa umbo na watu wa Shanua. Kwa Zahran wanatoka Daus, kabila la Abu Huraira na la Tufail bin Amr. Kwa Daus anatoka Malik bin Fahm wako. Na kwa Zahran huyo huyo, kupitia mwana mwingine, wanatoka Yahmad na Maawala wa Oman.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi wa Oman na wa pwani hawalioni. Waazd wa Oman wametoka pande zote mbili. Wazao wa Malik bin Fahm (Bani Hina, Farahid, Salima, Maan na wengine) pamoja na Yahmad na Maawala ni wa Nasr kupitia Zahran. Watu wa Al-Atik ni wa Mazin kupitia Amr Muzaiqiya. Kwa hiyo katika karatasi Mnabhani, ambaye hurudishwa kwa Al-Atik, yuko karibu zaidi na Ansari wa Madina kuliko alivyo na jirani yake Mkharusi, ambaye ni wa Yahmad. Na Bani Hina wako karibu zaidi na Abu Huraira kuliko walivyo na Wanabhani. "Sisi sote ni Azd" ni kweli, lakini si jibu. Ukiulizwa nasaba yako, swali la maana ni: Azd ya nani?

Sasa Marib. Kisa chenyewe unakijua: Amr Muzaiqiya anapata habari kwa kuhani wa kike, Tarifa, kwamba bwawa litapasuka, anaona panya wanafukua ukuta, anapanga ugomvi wa uongo na mwanawe hadharani ili apate sababu ya kuuza mashamba bila watu kushtuka, kisha anahama na watu wake, na kila tumbo linachukua njia yake. Qurani inataja mafuriko ya Arim katika sura ya Saba, aya ya 16. Aya haitaji Azd wala Amr. Hayo yameletwa na wasimulizi.

Bwawa lenyewe ni la kweli kabisa. Ukuta wake ulikuwa na urefu wa kiasi cha mita 600, na ulizuia mafuriko ya msimu katika bonde la Adhana ili maji yapandishwe mashambani pande mbili. Tope lilijaa nyuma ya ukuta mwaka hadi mwaka, ikabidi ukuta uinuliwe tena na tena, na kadiri ulivyoinuliwa ndivyo ulivyozidi kuwa hatarini. Ndiyo maana haukubomoka mara moja tu. Maandishi ya mawe yanataja ukarabati mkubwa katikati ya karne ya 5, na mwingine miaka ya 540 chini ya Abraha. Ulipobomoka kwa mara ya mwisho, mwishoni mwa karne ya 6 hivi, haukujengwa tena.

Je, Waazd walitoka kwa sababu ya kubomoka huko kwa mwisho? Haiwezekani, na huhitaji mwanaakiolojia kukuambia. Hesabu tu. Chukua nasaba ya Saad bin Muadh, bwana wa Aus, aliyefariki mwaka 627 akiwa na miaka 37 hivi: Saad bin Muadh bin An-Nuuman bin Imru' al-Qais bin Zaid bin Abd al-Ashhal bin Jusham bin Al-Harith bin Al-Khazraj bin Amr bin Malik bin Al-Aus bin Haritha bin Thaalaba bin Amr Muzaiqiya. Ni vizazi 14 kutoka kwa Saad hadi kwa Amr. Kizazi kimoja ukikipa miaka 30, unapata miaka 420. Ukitoa kutoka mwaka 590, unafika mwaka 170. Ukikipa miaka 25, unafika mwaka 240. Silsila ya wanasaba wenyewe inamweka Amr Muzaiqiya karne ya 2 au ya 3, si ya 6.

Na mawe yanakubaliana na hesabu hiyo. Maandishi ya Himyar ya mwishoni mwa karne ya 3, ya zama za mfalme Shammar Yuhar'ish, yanamtaja Malik bin Kaab, mfalme wa Al-Asd. Jiwe la kaburi la Imru' al-Qais lililopatikana Namara, kusini mwa Syria, la mwaka 328, linasema mfalme huyo aliwatawala Al-Asd na Nizar. Al-Asd ndio Azd, kwa matamshi ya zamani. Basi wakati huo walishakuwa watu wenye mfalme wao, tena kaskazini ya Yemen, zaidi ya miaka 200 kabla bwawa halijafa kabisa. Ninavyoiona mimi, kisa cha Marib kimekusanya katika tukio moja uhamaji wa karne kadhaa: mabomoko kadhaa ya bwawa, vita vya Saba na Himyar, na njaa ya malisho. Wazee wako hawakukudanganya. Walikupa muhtasari.

Kuhusu kuingia Oman, masimulizi ya Oman yanasema Malik bin Fahm alifika na watu wake, akawaacha wanawake na watoto Qalhat, pwani, kisha akapanda bara kupigana na Waajemi kwenye uwanda wa Salut, karibu na Bahla. Salut ni mahali pa kweli, pana magofu ya ngome ya zama za chuma. Mwisho wa Malik umebaki midomoni mwa Waarabu wote: mwanawe Salima, aliyekuwa akilinda usiku, alimpiga mshale gizani bila kumtambua, na Malik akanasibishiwa beti ile isemayo kwamba kila siku nilimfunza kulenga, mkono wake ulipokomaa akanilenga mimi. Beti hiyo wengine wanampa mshairi Maan bin Aus.

Tahadhari moja: vitabu vya Iraki vinamtaja Malik bin Fahm aliyekuwa mfalme wa Tanukh na baba wa Jadhima al-Abrash. Wengine humfanya ndiye huyu wa Oman, wengine humnasibisha Quda'a, kundi jingine la makabila. Jadhima mwenyewe ana jiwe la kumthibitisha: maandishi ya Umm al-Jimal, Jordan, ya karne ya 3, yanamtaja Jadhima mfalme wa Tanukh. Kama ni baba yake kweli, Malik huyo anaangukia karne ya 3. Shika tarehe hiyo, tutaihitaji.

Ulipokuja Uislamu, Oman ilikuwa chini ya Jaifar na Abd, wana wa Al-Julanda, wa Maawala, na Waajemi walikuwa bado na kituo chao pwani. Amr bin Al-As aliwapelekea barua ya Mtume mwaka wa 8 Hijria, wakasilimu. Baada ya Mtume kufariki, Laqit bin Malik, Mwazd pia, aliasi akapigwa Daba. Mmoja wa makamanda waliompiga, Arfaja, alikuwa wa Bariq, nao Bariq ni Azd. Waazd walikuwa pande zote mbili za vita hivyo, na hiyo inakuonyesha tena kwamba jina la shina halikuwa amri ya mtu yeyote.

Jina hilo lilianza kuwa na nguvu ya kisiasa Basra. Khalifa Umar alipoanzisha diwani, daftari la posho za askari, watu waliandikwa kwa makabila yao. Ghafla nasaba ikawa na thamani ya fedha: umeandikwa na nani, unalipwa daraja gani, unakaa mtaa upi. Basra iligawanywa mafungu matano, na Azd walikuwa fungu moja, pamoja na Tamim, Bakr bin Wail, Abd al-Qais na watu wa Aliya. Waazd wengi kutoka Oman walifika baadaye kidogo, wakaongeza nguvu ya fungu lao, na mwaka 64 Hijria kiongozi wao Masud bin Amr wa Al-Atik aliuawa katika mapigano na Tamim. Kisha ukaja ukoo wa Al-Muhallab bin Abi Sufra, wa Al-Atik pia, aliyewavunja Azariqa, kundi la waasi wa Khawariji, akatawala Khurasan, akafariki mwaka 702. Mwanawe Yazid aliasi dhidi ya Banu Umayya akauawa mwaka 720. Na angalia: hata ukoo mkubwa namna hiyo, maadui zao walidai kwamba Abu Sufra hakuwa Mwarabu kwa asili. Ndani ya ushindani wa zama hizo kati ya Qais (makabila ya kaskazini) na Yaman (ya kusini, Azd wakiwamo) ndimo nasaba zilimokusanywa na kuandikwa. Ibn al-Kalbi wa Kufa, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, ndiye aliyezipanga katika mti mmoja, na waliomfuata, akiwamo Ibn Hazm wa Andalusia na Al-Autabi wa Suhar, walijenga juu yake. Kwa hiyo majina ya karibu na Uislamu yana mashahidi wengi. Majina ya juu kabisa, kutoka Kahlan kwenda Qahtan, ni ramani ya jinsi makabila yalivyojiona yanahusiana.

Kwa wanachuoni wa Azd nitapita haraka: Jabir bin Zaid, aliyezaliwa Firq karibu na Nizwa, nguzo ya madhehebu ya Ibadhi, Al-Khalil bin Ahmad wa Farahid, aliyeweka elimu ya arudhi (vipimo vya mashairi), Ibn Duraid, mwanalugha wa Basra, Abu Daud wa Sijistan, mkusanyaji wa hadithi, At-Tahawi wa Misri. Wote wana nisba (jina la asili linalowekwa mwishoni) ya Al-Azdi, na ukiwatazama walivyotawanyika utaelewa kwa nini nisba hiyo peke yake haikuambii mtu ametoka wapi.

Oman yenyewe, Julanda bin Masud wa ukoo wa Al-Julanda alikuwa imamu wa kwanza, 750 hadi 752. Baada yake wengi wa maimamu wa karne ya 8 na ya 9 walitoka Yahmad, na ndani ya Yahmad Bani Kharus: Warith bin Kaab, na As-Salt bin Malik aliyeondolewa mwaka 886. Kisha Wanabhani walitawala bara kama wafalme kwa karne kadhaa. Yaariba, ambao pia huhesabiwa Azd, walianza na Nasir bin Murshid mwaka 1624, wakawatoa Wareno Muscat mwaka 1650 na Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1698. Mabusaidi, wanaohesabiwa Azd vilevile, walishika Oman katikati ya karne ya 18, na kupitia Said bin Sultan, aliyefariki 1856, wakatawala Zanzibar.

Pwani yetu jina la Nabhani lilitangulia hao. Tarehe ya Pate inasema Mnabhani wa kwanza alifika mwaka 600 Hijria, yaani 1203 au 1204. Watafiti wengi wanauona mwaka huo ni wa mapema mno kwa utawala wa ukoo huo, lakini ukoo wenyewe na nguvu zake Pate, na baadaye Witu, havina shaka.

Tuje kwenye silsila yako. Majina 14, mara miaka 30, ni miaka 420. Kama ulizaliwa karibu na 1990, jina la 14 linapaswa kuwa la mtu wa miaka ya 1570. Malik bin Fahm ni wa karne ya 3 hivi. Kutoka kwake hadi kwako panahitajika majina 55 hadi 60. Basi majina yasiyopungua 40 hayapo. Usikate tamaa kwa hilo, wala usiichane karatasi. Kwa Kiarabu "bin" mara nyingi huruka hadi kwa babu mashuhuri, na mwandishi wa silsila hakuona kuwa anadanganya. Kazi yako ni kutafuta mahali paliporukwa. Kwa kawaida ni pale majina ya kawaida (Salim, Said, Khalfan, Nasor) yanapogeuka ghafla kuwa majina ya vitabuni (Hunat, Fahm, Ghanm, Daus). Piga mstari hapo. Chini ya mstari ni kumbukumbu ya nyumba yenu. Juu ya mstari ni nakala ya kitabu.

Chini ya mstari, hakikisha jina moja baada ya jingine kwa waraka. Anza na vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa vya babu. Kisha tafuta hati za mirathi na za wakfu kwa kadhi, na hati za kuuza shamba: mwandishi wa zamani aliandika jina la mtu, la baba, la babu, na nisba mwishoni, na mara nyingi nisba mbili, ya tumbo na ya kabila. Kwa pwani ya Kenya, madai ya ardhi yaliyoandikishwa kuanzia 1908 yana majina ya namna hiyo. Zanzibar kuna Nyaraka za Taifa. Muscat kuna mamlaka ya nyaraka ya serikali ya Oman. Ukipata hati tatu zisizotegemeana zinazotaja jina moja la babu kwa nisba ile ile, jina hilo limesimama. Hati moja tu iliyoandikwa na ukoo wenyewe ni dai, si ushahidi.

Muhimu kuliko yote, tafuta jina la kijiji au bonde walikotoka. Makabila ya Oman yamekaa mahali pamoja kwa muda mrefu, na ukijua kama ni Wadi Bani Kharus, Nizwa, Adam au Ash-Sharqiya, unakuwa umepunguza uwezekano kutoka mamia hadi machache. Wazee wengi wanaukumbuka mji hata pale walipousahau ukoo.

Makosa yanayowaangusha watu nimeyaona yakirudia kwa wengi. La kwanza ni Al-Asd na Asad. Al-Azd huandikwa pia Al-Asd, kwa sini badala ya zai, na sini hiyo haina irabu. Bani Asad, kwa irabu, ni watu wengine kabisa, Waadnani wa Khuzaima. Katika hati isiyo na irabu maneno haya mawili yanafanana. Hata katika hadithi ya Ibn al-Lutbiya, mkusanya zaka aliyesema "hiki chenu na hiki nimezawadiwa", riwaya zinapishana kati ya Azd na Asad kwa sababu hii hii.

La pili ni Hinai na Hinawi. Bani Hina ni kabila la Azd. Hinawi ni kambi ya kisiasa iliyozaliwa katika vita vya Oman vilivyoisha mwaka 1728, Khalaf bin Mubarak wa Bani Hina alipopigana na Muhammad bin Nasir wa Bani Ghafir na wote wawili wakauawa Suhar. Baada ya hapo Oman nzima iligawanyika Hinawi na Ghafiri. Wahinawi wengi walikuwa Wayamani (wa asili ya kusini) na Waghafiri wengi Wanizari (wa asili ya kaskazini), lakini makabila kadhaa yalivuka upande kwa sababu za maji na ujirani. Ukiambiwa "sisi ni Wahinawi", umeambiwa wazee walipigana upande upi. Hujaambiwa nasaba.

La tatu ni jina Al-Harthi. Al-Harith ni jina la kawaida mno, na karibu kila shina la Waarabu lina Banu al-Harith wake. Wa Najran ni wa Madhhij, shina jingine, si Azd. Al-Hirth wa Ash-Sharqiya, ambao Wabarwani ni tawi lao, wasichanganywe nao kwa kufanana jina tu. Kiswahili kinaongeza ugumu kwa kuandika hee zote mbili kwa herufi moja, na kwa kutotofautisha "Al" ya ukoo (Aal) na "al" ya kutambulisha neno. Daima irudishe nisba katika herufi za Kiarabu kabla hujaitafuta.

La nne ni zito kidogo, na linahitaji ukweli. Nisba haipatikani kwa kuzaliwa tu. Tangu zamani mtu aliweza kuingia katika kabila kwa kiapo cha kusaidiana au kwa wala, yaani kufungwa na kabila baada ya kuachwa huru au kusilimu mikononi mwao. Pwani yetu watu wengi walioachwa huru, na wazao wao, walibeba nisba ya bwana. Wengine waliipata kwa mama. Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, inaamrisha watu waitwe kwa baba zao, na wasipojulikana baba zao basi ni ndugu katika dini na mawali. Ukikuta katika hati neno "maula" (mtu wa wala) au "atiki" (aliyeachwa huru) mbele ya jina la babu, andika kama lilivyo. Lakini "atiki" hiyo ya kuachwa huru usiichanganye na Al-Atik ya kabila: shina la neno ni moja, na kosa hilo nimeliona likifanywa kwa pande zote mbili.

Kuhusu kipimo cha vinasaba (DNA): kile cha upande wa baba kinaweza kukuonyesha kama wewe na mwanamume mwingine mna babu mmoja katika mstari wa kiume. Hakiwezi kusoma neno Azd katika damu. Kina faida iwapo kuna mtu wa ukoo huo huo Oman, mwenye silsila iliyothibitishwa kwa hati, aliye tayari kupima pamoja nawe. Bila mtu wa kulinganishwa naye, utapata jina la kundi kubwa ambalo Waqahtani na Waadnani wote wamo.

Ukishafika kwenye mstari ulioupiga, na kabila la kijiji mlikotoka limejulikana, hapo ndipo ufungue vitabu vya nasaba kuona kabila hilo linarudishwa wapi. Andika silsila yako kwa rangi mbili: wino mmoja kwa majina yenye hati, mwingine kwa majina ya vitabuni, na kati yake acha nafasi tupu yenye maneno "majina hayakuhifadhiwa". Kisha nakili hati zote kwa picha, uandike nyuma ya kila picha tarehe ya Hijria na ya Miladi, kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi na hesabu ya vizazi inaharibika mtu akichanganya tarehe hizo mbili.